Nani Aliyeua Printa ya Mama Salma?

Kifo

Shaabani ni mwezi wa harusi Mombasa. Kila mwenye mchumba anataka kuoa kabla Ramadhani haijaingia, na kila anayeoa anataka kadi. Mwezi huo chumba chetu cha mbele, pale Majengo, huacha kuwa sebule kikawa kiwanda: mke wangu, Mama Salma, kwenye kompyuta, Salma akikunja kadi, Athumani akifunga riboni kwa ahadi ya visheti, na mama yangu, ambaye nyumba nzima humwita Bi Mkubwa, akisimamia kazi yote kutoka kitini pake bila ya kuombwa.

Printa ilinunuliwa kwa zamu ya Mama Salma kwenye chama cha akina mama wa mtaani. Ni ile ya kujazwa wino wa chupa, ambayo muuzaji alimwapia kuwa itajilipa yenyewe, na kuwa spea na mafundi wake wamejaa tele. Kujilipa ilijilipa kweli. Kisha usiku mmoja, kadi za harusi ya watu wa Kisauni zikiwa nusu, ikanguruma, ikakwama, ikawasha taa mbili nyekundu zikawa zinapokezana. Kadi ya mwisho ilitoka na jina kamili la bwana harusi. La bibi harusi lilikatikia kwenye "Fat".

Kwenye kioo cha kompyuta yalitokea maneno ya Kiingereza. Salma akatufasiria: sehemu fulani za ndani zimefika mwisho wa uhai wake, wasiliana na wakala.

"Mwisho wa uhai?" Bi Mkubwa akauliza. "Hiyo ya juzi?"

Haikuwa ya juzi, lakini uzee nao ulikuwa haujaifika. Warantii ya mwaka mmoja ilimalizika Rajabu, printa ikaanguka Shaabani. Nyumbani kwetu hakuna aliyekubali kuwa huo ni mfuatano wa kalenda tu.

Mashtaka

Nyumba ikifiwa na chombo kinachoingiza pesa, hutafutwa mkosa. Wa kwanza kushukiwa alikuwa Athumani, maana ana historia: aliwahi kuilisha redio uji. Akaapa kuwa safari hii hayumo. Salma akamshtaki paka, ambaye hulala juu ya kifuniko cha printa kila akipata nafasi. Mimi, kwa sauti ya chini, nikataja moshi wa udi ambao Bi Mkubwa hufukiza kila Alhamisi jioni. Nilitazamwa mpaka nikaenda kuangalia kama mlango wa nje umefungwa. Niliporudi, Bi Mkubwa alikuwa amekwisha kumgeukia mkaza mwanawe: wino wa bei rahisi ndio ulioua, na dunia nzima inajua.

"Mama, wino ni wa kampuni yenyewe, na chupa zake ninazo," Mama Salma akajibu. Akazileta zote, akazipanga mezani.

Hakimu tulimpata asubuhi. Mjomba Shee, kaka yake Bi Mkubwa, alikuwa karani wa mahakama mpaka akastaafu, na mpaka leo hajalivua joho ambalo hakuwahi kuvikwa. Alisikiliza mashahidi wote, akanywa kahawa yake, akamwachilia paka kwa kukosekana ushahidi, kisha akaamuru wakala apigiwe simu.

Wakala yuko Nairobi. Kijana aliyepokea hakuuliza dalili za ugonjwa, aliuliza modeli, akasema kwa upole mwingi, "Mama, hiyo ni nafuu ununue mpya." Nauli ya kuipeleka na kuirudisha, ukijumlisha na ufundi, ilikaribia bei ya dukani. Mama Salma akauliza, basi hii ya zamani nifanyeje? Kijana akasema hilo ni hiari yake.

"Si hiari yake peke yake," Mjomba akanong'ona, akiandika kwenye kidaftari. "Sheria ya taka ya mwaka 2022 imewatwika wazalishaji na waagizaji wajibu mpaka bidhaa inapokuwa taka." Lakini simu ilikuwa imeshakatwa.

Upasuaji

Fundi wetu ana kibanda karibu na Mwembe Tayari, kimejaa matumbo ya televisheni na simu. Alizitazama zile taa mbili zikipokezana, akacheka kabla hajashika bisibisi.

"Hii haijafa, Mama Salma. Imehesabu."

Akatueleza. Printa ya wino hujisafisha. Ikikaa bila kazi kisha ikawashwa, au ukiiamuru isafishe kichwa, hufyonza wino kidogo kupitia vile vitundu vyake vyembamba ili visizibe. Wino huo haufiki kwenye karatasi. Huteremshwa chini, kwenye sponji lililolazwa kwenye tako la mashine. Sponji lenyewe halina wa kulipima. Kilichopo ni chipu inayokisia na kujumlisha: leo kiasi hiki, kesho kiasi kile. Jumla ikigonga kikomo kilichowekwa kiwandani, printa inafunga kazi. Liwe limejaa au lina nafasi, chipu haijui wala haiulizi.

Akaigeuza, akafungua skrubu zilizofichwa nyuma ya kibandiko, akachomoa sponji. Upande mmoja lilikuwa jeusi ti, limelowa chapachapa. Upande wa pili halijaguswa na tone. Akamkabidhi Salma kwenye mfuko wa karatasi aende kuliosha nyumbani. Kisha akaunganisha kompyuta yake, akafungua programu ambayo hakutaka kutuambia aliitoa wapi, akabofya. Hesabu ikarudi sifuri. Taa nyekundu zikazimika, ya kijani ikawaka. Akataka shilingi 1,500.

"Hakuna kilichovunjika?" Mama Salma akauliza.

"Hakuna."

"Kilichochakaa?"

"Sponji, na sponji linafuliwa."

"Kwa hiyo nimekaa na kadi za watu usiku kucha kwa sababu ya namba?"

Fundi akanyamaza. Ana adabu, na pia alikuwa hajalipwa bado.

Nia

Jioni ile barazani hukumu ya Mama Salma ilikuwa tayari: wameiua makusudi ili tununue nyingine. Mjomba akainua kidole. Makusudi, akasema, ni shtaka, na shtaka linataka ushahidi wa kilichokuwa moyoni.

"Ya moyoni anayajua Mungu," Bi Mkubwa akasema, na hapo, bila kukusudia, akagusa jiwe ambalo wanasheria wa nchi nyingi wamejikwaa nalo.

Maana mara chache sana yale ya moyoni yamewahi kukutwa kwenye karatasi. Mara moja yalikutwa. Mwishoni mwa 1924, mjini Geneva, watengenezaji wakubwa wa taa za umeme, wakiwemo Osram, Philips na kampuni tanzu za General Electric, waliunda umoja ulioitwa Phoebus. Waligawana masoko, na wakapatana kuwa taa ya nyumbani iwake saa 1,000, wakati ambapo nyingi zilikuwa zikifika 1,500 hata 2,000. Viwanda vilipeleka taa zao zikapimwe, na kiwanda ambacho taa zake ziling'ang'ania uhai kupita kiasi kilitozwa faini. Vita vya Pili vya Dunia viliuvunja umoja ule. Nyaraka zikabaki kusimulia. Wengine hata hawakuficha: mwaka 1932, Marekani ikiwa katika dhiki ya kiuchumi, Bernard London alichapisha kijitabu akiitaka serikali ivipangie vitu muda wa kufa, ukiisha virudishwe viharibiwe, ili viwanda vipate kazi.

"Huyo alikuwa mzima?" Bi Mkubwa akauliza.

Lakini hata kesi ya taa si nyepesi kama inavyosimuliwa. Tume ya Uingereza ya kuchunguza ukiritimba ilipotoa ripoti mwaka 1951, haikukubali kuwa zile saa 1,000 zilikuwa ujanja mtupu, kwa sababu taa ya aina ile ukiirefushia maisha hupungua mwanga kwa umeme ule ule. Kikomo kimoja, sababu mbili: moja ya kifundi, moja ya mfukoni. Nani atazitenganisha?

Ufaransa walijaribu. Mjomba huisimulia sheria yao kwa sauti ya mtu anayetaja nasaba yake: tangu Agosti 2015, kupunguza maisha ya bidhaa kwa makusudi ili mteja anunue nyingine ni kosa la jinai, kifungo miaka 2, faini euro 300,000, na faini hiyo yaweza kupandishwa hadi asilimia 5 ya mauzo ya kampuni kwa mwaka.

"Amefungwa nani?" Mama Salma akauliza.

Mjomba akakohoa. Kesi inayotajwa zaidi ni ya Apple. Mwishoni mwa 2017 kampuni hiyo ilikiri kuwa programu zake mpya zilipunguza kasi ya iPhone zenye betri zilizochoka, na chama cha Kifaransa kiitwacho HOP kikapeleka malalamiko. Apple walikuwa na jibu: bila ya kupunguza kasi, simu zingezimika ghafla. Februari 2020 walikubali kulipa euro milioni 25. Tazama lakini walilipia nini: walilipia kutowaambia wateja. Kosa la kuua halikuwamo.

"Basi wamelipa kwa kunyamaza," Mama Salma akasema polepole, na nikaona anaanza kuandika barua kichwani.

Kanzu

Asubuhi iliyofuata Salma aliliosha sponji uani. Halikuwa zoezi dogo. Maji yalitoka meusi, yakaja ya bluu, yakaja ya waridi, yakapita chini ya lango yakabisha hodi kwa jirani. Bi Mkubwa, ambaye haamini kuwa kitu kimefuliwa mpaka yeye amekikamua, alilikamua, akaliona safi, akalitundika kwenye kamba ya nguo. Pembeni mwa kanzu yangu nyeupe ya kwendea harusi Kisauni.

Upepo wa pwani haubagui. Niliporudi kutoka sokoni kanzu ilikuwa na bahari na machweo yake kifuani. Harusini nilikwenda na shati na suruali, na nusu ya wageni waliniuliza nimefika lini kutoka bara.

Mjomba aliichunguza kanzu ile kwa makini kuliko alivyoichunguza printa. "Hiki," akasema, "ni kielelezo cha upande wa utetezi."

Na ni kweli. Kiwanda kingesimama mahakamani leo, wakili wake angeinyanyua kanzu yangu juu: mheshimiwa, wino wa taka upo, unamwagika, unaharibu nyumba za watu, ile hesabu tuliiweka kwa ajili ya kuzikinga. Ungemjibuje? Hesabu ina sababu. Kinachokosa sababu ni yale yaliyoizunguka. Sponji limefungiwa ndani kwa skrubu za kujificha. Dukani haliuzwi. Ufunguo wa kuirudisha hesabu sifuri ameachiwa wakala aliye mbali, ambaye naye anakushauri utupe. Na siku ya kununua hakuna aliyefungua mdomo kutaja kuwa kuna hesabu. Fundi alituonyesha printa nyingine mpya zaidi, ambayo sponji lake limo kwenye kijisanduku: mwenye mashine anakichomoa mwenyewe, ananunua kingine, kazi inaendelea. Wino uleule, hesabu ileile. Tofauti ya kufa na kupona ilikuwa kifuniko.

Hapo ndipo nilipomwelewa Mama Salma. Sheria inayouliza kiwanda kilikuwa na nini moyoni itajibiwa na mawakili mpaka wajukuu zetu waoane. Inayouliza skrubu iko wapi, spea inauzwa kwa nani, na mteja aliambiwa nini, inaweza kujibiwa na fundi yeyote wa Mwembe Tayari kabla ya adhuhuri.

Wazungu wenyewe wameanza kugeukia huko. Ufaransa, kuanzia Januari 2021, simu, kompyuta za mapajani, televisheni na mashine za kufulia zililazimishwa kuuzwa na alama, kumi juu ya kumi ikiwa bora kabisa, ya urahisi wa kuzitengeneza. Tangu Machi 2021, katika Umoja wa Ulaya, mzalishaji au mwagizaji wa mashine za kufulia au friji anatakiwa aweke spea zake kwa miaka kati ya 7 na 10. Mwaka 2024 wakapitisha maagizo ya haki ya kutengenezewa, yanayoanza kutumika Julai 31, 2026: mzalishaji wa bidhaa zilizotajwa analazimika kuzitengeneza hata warantii ikiisha, na haruhusiwi kumfungia fundi mlango kwa hila za programu bila sababu halali. Mjomba alipitia orodha ya bidhaa hizo kwenye simu yake, miwani imeshuka puani. Friji zimo. Simu zimo. Hata mashine za kuchomelea vyuma zimo.

"Printa?" Mama Salma akauliza.

"Printa," akasema Mjomba, akishuka mpaka chini kabisa, "haimo."

Barua

Kenya hatuna sheria yenye jina la uchakavu wa kupangwa. Lakini karani wa mahakama aliyekaa kazini miaka yote ile hajui kukata tamaa, anajua kupekua. Barua kwa duka waliiandika wawili, Mjomba akitamka, Mama Salma akipunguza.

Walianza na Katiba ya 2010, ibara ya 46: mtumiaji ana haki ya bidhaa yenye ubora unaostahili, na haki ya kupewa taarifa zitakazomwezesha kufaidi alichonunua. Wakaja kwenye Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 31, na Sheria ya Kumlinda Mtumiaji ya 2012: muuzaji anahesabiwa ameahidi kuwa kitu kina ubora wa kuuzika, aseme asiseme, na maneno yoyote ya mkataba yenye kulifuta sharti hilo ni bure. Wakamalizia na Sheria ya Ushindani ya 2010, ambayo inalifanya kosa kumdanganya mteja kuhusu kupatikana kwa spea na pahala pa kutengenezea. Hawakuandika popote kuwa printa iliuawa. Mama Salma alikataa katakata. "Nia yao siijui, na siwezi kuithibitisha. Nitadai nilichonyimwa: kuambiwa, na spea." Akadai shilingi 1,500 za fundi. Mjomba alitaka kuongeza kanzu. Akaambiwa aliyelitundika sponji ni dada yake.

Wakaichapisha, nakala mbili, herufi nzito.

Meneja wa duka alianza na risiti, akatuonyesha mhuri wa rangi ya zambarau: bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Mjomba akautazama kwa huruma. Mhuri, akasema, haufuti sheria ya Bunge. Meneja akahamia kwenye warantii: ilikwisha Rajabu. Mjomba akamwambia warantii ni zawadi ya duka, na zawadi ina muda wake. Sharti la ubora ni la sheria, liliingia siku ya mauzo, na dai la mkataba mtu ana miaka 6 ya kulipeleka. Nyuma yetu foleni ikaanza kujikusanya. Mwanamke mmoja aliyebeba blenda akasogea karibu asikie vizuri.

Hapo meneja akatabasamu. Alikuwa ameiona njia ya kutokea.

"Mama," akasema, akiigeuza barua mkononi, "unaniambia printa yako ilifika mwisho wa uhai. Sasa hii barua umeichapisha na nini?"

Foleni ikacheka. Mjomba, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu, alikosa la kusema. Mama Salma hakukosa.

"Na printa hiyohiyo," akasema. "Mashine yenu iliandika kwa Kiingereza kuwa imekufa. Fundi wa kibandani ameifufua bila kutia spea hata moja. Kwa hiyo haikuwa imekufa, na nyinyi mlioniuzia hamkuniambia kuwa itakuja kusema hivyo. Nilipouliza spea mliniambia zimejaa tele. Nitolee sponji moja kwenye stoo yako, nitaondoka sasa hivi."

Meneja akamtazama msaidizi wake. Msaidizi akaitazama sakafu.

"Kama huna, ipo mahakama ya madai madogo," Mama Salma akaendelea, na sasa alikuwa anaisomea foleni, si meneja. "Dai kama hili, lisilozidi shilingi milioni 1, wakili si lazima, na sheria inataka hukumu itoke ndani ya siku 60. Mjomba wangu hapa amestaafu, nafasi anayo."

"Ninayo tele," Mjomba akathibitisha.

Mwanamke wa blenda akaomba anakili jina la hiyo sheria. Meneja akatazama foleni, akatazama barua, akafungua droo. Alitoa shilingi 1,500 kwa sharti moja: usomaji wa barua uishie hapo. Mama Salma akakubali, akatia saini, akamwachia nakala, na ya pili akampa mwenye blenda.

Kadi za Kisauni zilifika siku mbili kabla ya nikahi, Fatma akiwa amekamilika herufi zote. Usiku huo fundi alipita kuchukua sahani yake ya pilau, akamweleza Bi Mkubwa kwa utaratibu jinsi hesabu inavyorudishwa: unaunganisha waya, unabofya, mashine inajiona imezaliwa leo. Bi Mkubwa alimsikiliza mpaka mwisho, akajinyoosha kitini, akayapapasa magoti yake.

"Na haya, mwanangu," akamuuliza, "utayarudisha sifuri kwa ngapi?"